Kishikio Kipya cha Madam Hessa

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumefungua ghala la klabu ya shabaha, tumehesabu bunduki, zote zipo. Joto bado. Nilikuwa nafuta mchanga mezani, Mzee Salum, fundi wetu wa bunduki, akausikia unakwaruza chini ya bisibisi yake, akasema nimeacha nusu yake. Kweli.

Kifurushi cha Madam Hessa, mwanachama wetu, kimefika. Ndani kuna kishikio kipya cha mbele cha bunduki yake ya pointi mbili mbili. Ni bomba la alumini linalozunguka mtutu, pale mkono wa kushoto unaposhika. Cha zamani ni cha plastiki, kinacheza akiegemea. Ana mashindano mwezi ujao. Mzee anasema ni kazi ya alasiri moja.

Bunduki ndogo, risasi zake nyembamba kuliko penseli. Wanachama wengi hapa klabuni huidharau. Mzee haidharau.

Jumatano, 8 Oktoba

Cha zamani kimetoka. Skrubu ilimponyoka Mzee ikaanguka mezani, mbele yake kabisa. Akaitafuta kwa viganja, anapapasa huku na huku. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Kishikio kipya kinagusa mtutu kwa chini. Tulipitisha karatasi katikati, ikakwama. Mtutu ukiguswa, risasi haiendi unakotaka. Itabidi apige tupa kwa ndani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Amejikata na tupa. Damu inatiririka kwenye alumini na yeye anaendelea kusugua. Nikapiga kelele, "Mzee, kidole!" Akakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Akacheka.

"Sukari hiyo, mwanangu. Imenila ncha za vidole."

Akafunga kitambaa, kazi ikaendelea. Mimi sikucheka.

Kanuni yetu ni moja. Kabla ya kufanya lolote na bunduki, vuta komeo la nyuma mpaka mwisho, tazama chemba inapokaa risasi, tia kidole uhakikishe hamna risasi. Jicho na kidole. Yeye ndiye aliyenifundisha, nilipotoka kulinda maghala ya bandari ya Jebel Ali na sijui bunduki inashikwa vipi. Sasa jicho lake halioni na kidole chake hakihisi.

Naogopa.

Jumapili, 12 Oktoba

Kishikio kimefungwa. Karatasi inapita vizuri. Mzee alipoenda kuswali adhuhuri nikajaribu nati kubwa inayokishikilia. Ikazunguka kwa vidole vyangu, bila spana.

Nimeikaza. Sikumwambia. Sijui ni heshima au ni woga.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia. Nilisubiri tubaki wawili.

"Mzee, nenda hospitali wakuangalie macho."

"Macho yangu yana nini?"

"Huoni vizuri. Nati ya Madam ilikuwa imelegea."

Akaweka bisibisi chini, polepole. "Mercy, wewe umekuja juzi. Mimi nimeletwa Dubai nanyonya. Nikisema sioni, khalas, kazi imekwisha, na kibali cha kukaa kimekwisha nayo. Unguja simjui mtu. Watanipeleka kwa nani?"

Siku nzima hakuniita mwanangu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika yote kama yalivyotokea.

Asubuhi mkufunzi alijaribu bunduki ya Madam uwanjani, akairudisha kwetu. Kishikio kilikuwa kimepinda kidogo kulia. Mzee akaichukua akinyooshe. Kidole bado kina kitambaa. Akavuta komeo, lakini hakulifikisha mwisho. Akatazama. Akatia kidole. Akasema, "Tupu."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kabatini natafuta spana. Akalirudisha komeo, akabonyeza kifyatulio ili nyundo ishuke.

Mlio wa bunduki hiyo ni mdogo. Ndani ya chumba si mdogo. Mlango wa kabati ulitoboka karibu na sikio langu. Niliona tundu kabla sijaelewa. Tundu dogo, safi. Kumbe mkufunzi aliacha risasi moja ndani ya chemba.

Mzee alisema, "Mama yangu." Basi. Akakaa chini sakafuni.

Hakuna aliyekuja. Uwanjani watu walikuwa wanapiga shabaha, nani atajua mlio upi ni upi.

Baadaye akachukua kalenda ukutani akaitundika juu ya tundu. Akanishika bega. "Hili libaki hapa, mwanangu. Nakuomba."

Nikaitikia kwa kichwa. Kwa nini niliitikia?

Ijumaa, 17 Oktoba

Kazi kama kawaida. Sili. Kila akigusa bunduki nahamia nyuma yake. Ameliona hilo.

Mama amepiga simu kutoka Voi, akaniuliza habari za kazi. Nzuri, nikasema.

Jumamosi, 18 Oktoba

Madam Hessa alikuja kuangalia kazi. Amekuja na dada yake mdogo, mwanafunzi wa chuo, mcheshi, anauliza kila kitu. Yule dada akaenda kuegemea kabati. Pale pale. Nyonga yake juu ya kalenda.

Mzee akainua bunduki amwonyeshe Madam jinsi inavyokaa mkononi. Mtutu ukapita mbele ya tumbo la yule dada. Mkono wa Mzee ukafika kwenye komeo.

Nikamnyang'anya. Sikuomba, sikusema samahani. Nilimnyang'anya mbele ya wageni, mtu ambaye sijawahi kumpokea chai bila kusema shikamoo. Nikavuta komeo mpaka mwisho, nikatazama, nikatia kidole. Ilikuwa tupu. Nusura nitamani isiwe tupu.

"Kuna nini?" Madam akaniuliza kwa Kiingereza. Mzee akanitazama. Alikuwa ameshajua nitasema.

Nikaenda moja kwa moja kwa meneja. "Sir, njoo uone kabati." Nikatoa kalenda mwenyewe. Nikasema yote: macho, kidole, risasi, na kwamba nilinyamaza siku mbili. Sir hakunifokea. Alitia kidole chake kwenye lile tundu, akakiacha humo muda, akaangalia lilivyo chini. "Ulikuwa umekaa wapi?" Nikapiga magoti nikamwonyesha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mzee amesimamishwa. Alikuja kuchukua kikombe chake na msala wake. Hakunitazama. Wenzetu wa mapokezi wananiita mchongezi, wanadhani sisikii. Aliyefyatuliwa risasi ni mimi, lakini mbaya ni mimi.

Nimefungua kishikio chote nikaanza upya, peke yangu. Karatasi imepita kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 23 Oktoba

Madam amepiga shabaha leo. Matundu yote matano yanafunikwa na sarafu moja. Ameshukuru. Sikusikia raha niliyotarajia.

Sir anasema binti yake Mzee, anayefanya kazi benki, ataomba kibali cha baba yake kwa jina lake. Haendi popote, inshallah. Jicho moja linaweza kutibiwa. Lingine, bado hawajui.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku yangu ya mapumziko. Nimepanda basi mpaka Satwa, anakokaa Mzee na binti yake. Nilizunguka mtaa wa mafundi cherehani mara mbili kabla ya kupanda ngazi zao. Nilibeba machungwa, sukari haikatazi machungwa sana.

Binti yake alinifungulia, akanitazama, akanipisha. Mzee alikuwa kwenye kochi, kitambaa cheupe juu ya jicho la kushoto.

"Shikamoo, Mzee."

Redio ilikuwa inasoma habari kwa Kiarabu. Nikadhani nitaondoka bila kuitikiwa.

"Marahaba," akasema. "Mkasi wa kucha uko hapo dirishani. Huyu binti yangu anaogopa kunikata."

Nikaketi mkekani. Akanyoosha mkono, nikaupokea. Vidole vyake ni vizito, vina makovu madogo. Hakuhisi nilipoanza, ikabidi nimwambie.

"Nimeanza, Mzee."

"Haya," akasema. Akaegemeza kichwa, akafumba lile jicho lililobaki.