Mafuvu Saba Kando ya Korongo

Mlima Kobe,
Dakota.
9 Oktoba 1887

Mpendwa Kaka Cyprien,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote, wewe na wifi Pelagie pamoja na watoto, ambao sijawaona hata mmoja ila majina yao nayajua kama sala. Hamjambo huko Montana? Kifua cha wifi kimepoa? Ulisema anakohoa tangu Kwaresima. Mchemshie magome ya mcheri, wala asinywe ile dawa ya chupa ya dukani, maana ndani yake hamna kitu ila pombe.

Sisi tu hai. Mume wangu Moyse analalamikia mgongo, mimi nalalamikia meno, na watoto wana njaa ya watoto na kuzidi kidogo. Baba naye yu hai, kwa hiyo usishtuke, hii si barua ya tanzia. Ila macho yake yameisha. Anaona mwanga na kivuli, basi. Nikisimama mlangoni anajua kuna kitu kimesimama, lakini kama ni mimi au ni ng'ombe hajui, na siku akiamka na utani huniita kwa jina la ng'ombe makusudi.

Barua yako ilifika mwezi wa nane nikamsomea mara tatu. Uliposema utapanda treni majira ya kuchipua uje na msalaba wa chuma uusimike kwenye kaburi la Mama, alilia, kisha akacheka, akasema, "Huyo mtoto kapata akili uzeeni." Tangu hapo hana habari nyingine. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakataa. Leo nimejikaza.

Hutaitambua nchi hii utakaposhuka. Reli ilifika Minot vuli iliyopita, na mahali ambapo wewe na mimi tulijua majani matupu sasa pana maduka, pana mabomba ya majiko yanayofuka moshi, na saa ukutani ambayo kila mtu anaitii. Mwaka huu wameitandaza hadi karibu na kwenu, mbio kama wanakimbizwa. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiongoza misafara ya St. Paul, mikokoteni mia na magurudumu yake ya mbao yakipiga kelele mpaka farasi wa watu wanakimbia? Siku aliyosikia filimbi ya treni kwa mara ya kwanza alijua unga wake umemwagika. Aliuza maksai wawili wiki ile ile.

Treni inashusha Wanorwe na Wajerumani na madirisha yao na plau zao, kila mmoja na karatasi ya shamba mfukoni. Sisi karatasi hatuna. Tulikuwa na nyati, nao waliondoka ngozi kwa ngozi ndani ya mabehewa kama hayo hayo.

Kilichobaki ni mifupa, na mifupa hiyo ndiyo tunayokula, usicheke. Tunaiokota mbugani, tunaipakia kwenye mkokoteni, tunaipeleka stesheni, tunarudi na unga na chai. Kando ya reli pana rundo la mifupa lililolipita kanisa letu kwa urefu. Mnunuzi aliniambia inakwenda mashariki kusagwa mbolea, na mingine inachomwa kuwa mkaa wa kusafishia sukari ipate weupe. Tangu siku hiyo nakunywa chai bila sukari, na Moyse ananiambia najifanya mtawa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, nami nina homa ile ile iliyomchukua, nimelazwa mkokotenini chini ya ngozi. Sikuona kitu. Nilichojua ni desturi tu, kwamba anayefia safarini huzikwa njiani, kisha msafara mzima unapita juu yake, mkokoteni nyuma ya mkokoteni, ili mbwa mwitu wala adui asijue kama pamechimbwa. Nilisikia magurudumu yakilia na nikatikiswa kidogo. Sikujua kwamba tunampita Mama. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano na Baba anasema ndiwe uliyeshika kamba ya maksai wa kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo hakuwahi kuniambia, na sijui kama wewe alikuambia. Msafara ulipotangulia, yeye alibaki nyuma akaweka alama. Ilikuwa siku mbili baada ya windo kubwa na mafuvu ya nyati yalizagaa kila mahali. Akachagua saba, akayapanga mstari mmoja kando ya korongo, pua zote zikielekea kwa Mama, na kutoka fuvu la mwisho hadi kwake ni hatua ishirini na tano. Adui akipita ataona mifupa tu, kama mifupa mingine. Na nani angehangaika kubeba fuvu la nyati? Aliona ameacha alama ambayo haitaondoka hata dunia ikiisha.

Haya alinieleza mwezi wa nane, baada ya barua yako, huku anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi miaka ishirini. Nilikuwa nakanda unga. Mikono ilikufa humo humo ndani ya unga, Cyprien, kwa sababu mafuvu hayo nayajua. Niliyaokota mimi.

Ilikuwa vuli iliyopita. Mifupa ya karibu na reli ilikuwa imekwisha, tukaenda mbali, ng'ambo ya Mto Souris, kwa njia ya zamani ya wawindaji, ambayo mgeni hawezi kuifuata. Tulipakia siku nzima. Jioni nikafika kwenye yale saba. Niliona yamepangwa. Sitakudanganya kwamba sikuona. Nilidhani ni sala ya Waasiniboini, wale wenyeji waliowinda huku kabla yetu, nikajipiga ishara ya msalaba, nikamwita Moyse nikamwambia haya tuyaache.

"Fuvu ni fuvu, mama watoto," akasema. "Na mkokoteni haujajaa."

"Mtu kayaweka haya kwa sababu yake."

"Basi mtu huyo alishakula. Sisi bado."

Usimlaumu Moyse. Yeye aligeuka kwenda kufunga maksai, na mimi ndiye niliyeinama nikayabeba, moja moja, yote saba. Baridi ilikuwa inakaribia, na kopo la unga nyumbani lilikuwa linatoa sauti ya utupu. Tulikula hadi Noeli.

Mwezi wa tisa Baba aling'ang'ania kwenda. Alitaka kuhakikisha mahali kabla hujaja, na anataka, siku yake ikifika, azikwe hapo hapo ubavuni kwa Mama. Nilitafuta visingizio nikaishiwa. Tukampakia mkokotenini, siku nne, naye ananusa upepo na kutuambia tulipo, wala hakukosea. Tulipofika ukingo wa korongo akashuka mwenyewe.

"Haya, nishikishe fuvu la kwanza," akaniambia.

"Halipo, Baba."

"Halipo vipi? Macho mabovu ni yangu, si yako. Tazama vizuri."

Nikatembea huku na huku nikiburuta miguu ili asikie kwamba natafuta; na kweli nilipatafuta yalipokuwa, ila niliyabeba giza likiingia, na ukingo wote wa korongo unafanana. Ninakwambia kaka, sijawahi kujichukia kama siku ile. Moyse akafungua mdomo aseme, nikamkanyaga mguu. Nikasema watu wa reli watakuwa wameyachukua.

Baba akasema, "Watu wa reli wataijuaje njia hii? Huku hakufiki gari la mgeni. Huyu ni mtu wa kwetu. Mungu amsamehe, maana mimi simsamehe."

Alisema hivyo mkono wake ukiwa begani kwangu, kwa kuwa mimi ndiye fimbo yake siku hizi.

Nilijaribu kumponya kwa uongo. Nikamvuta hatua kadhaa nikasema, "Baba, hapa ndipo, naona udongo umezama." Akapiga magoti, akapapasa majani kwa viganja vyote viwili, kisha akainuka.

"Hapa pana mteremko. Mama yako nilimlaza tambarare, korongo likiwa mkono wangu wa kushoto. Wewe ulikuwa mkokotenini na homa yako, unajua nini? Acha kunichezea, binti. Cyprien alikuwepo. Cyprien akija atanionyesha."

Hapo ndipo mawazo yake yalipobaki hadi leo. Anakula chakula ninachopika, ananishika mkono kwenda chooni, ananiombea kila asubuhi kwa jina langu, na hajui kwamba mtu ambaye yeye amemkatalia msamaha ndiye anayemfungia viatu. Nikimwambia, nitamvunja. Nisipomwambia, kila sala yake inanichoma. Sijui nifanye lipi, na aibu inanila.

Kuna jingine. Lile korongo sasa ni la Mnorwe mmoja anaitwa Halvor, mjane, mtu mpole, aliyefika kiangazi hiki; tulimkuta tulipokuwa tunarudi. Alitutengenezea kahawa na kumpa Baba kiti chake cha pekee. Kwa maneno machache na mikono mingi tulielewana. Ardhi ikiyeyuka mwezi wa tano atalima kila mahali mpaka ukingoni, lakini akionyeshwa kaburi kabla ya hapo ataacha kipande cha ukubwa wa nyumba, na atakizungushia uzio kwa mbao zake. Mtu asipomwonyesha, plau itapita. Simlaumu, shamba ni lake kwa karatasi.

Kwa hiyo njoo, kaka, njoo mwezi wa nne, theluji ikianza tu kukatika. Msalaba lete. Fumba macho sasa hivi huko uliko ujaribu kukumbuka: ulishika kamba, maksai walikuwa wanaelekea wapi, jua lilikuwa upande gani, uliona jiwe, uliona mti? Ukikumbuka, tuonyeshe pa kweli, na Mungu akubariki.

Usipokumbuka, naomba unifanyie jambo ambalo sina haki ya kuliomba. Chagua mahali pa tambarare, korongo likiwa kushoto. Tembea kwa uhakika, usisitesite, masikio yake bado ni makali. Simama, mwite, useme, "Hapa, Baba." Neno lako ataliamini. Halvor atasimamisha uzio wake na mzee atajua pa kulazwa.

Na ukishasema hivyo, mimi usinitazame, wala usije ukaniambia baadaye kama ulikumbuka au ulibahatisha. Nataka na mimi nipate mahali pa kupiga magoti.

Nisalimie wifi Pelagie, nisalimie mwanao Azarie na wadogo zake wote, na shangazi Ursule kama bado anakumbuka watu. Moyse anakusalimu, anasema uje na tumbaku. Baba anakupa baraka yake. Ameniambia niiandike kwa herufi kubwa ili usiiruke. Bikira Maria awafunike wote huko mlipo hadi tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, na anayekuomba radhi,

Josephte