Mikono Niliyosahau Kuificha

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Michenzani tu wazima, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama yule mwanamke aliyejifunika uso kwenye filamu iliyomfichua yule tajiri ni mimi. Ndimi. Mji mzima ulimpenda tajiri yule, picha yake ikibandikwa madukani. Mimi nikaeleza alivyotuvunjia nyumba zetu za pwani ajenge hoteli. Nilijifunika buibui, yakabaki macho tu, nikaisahau mikono. Ilikuwa na hina, na ua langu la karafuu, ninalowachora maharusi, hapakuwa na biharusi asiyelijua.

Kanda ilipoanza kuzunguka majumbani, nikajifungia ndani. Siku ya tatu likaja gari la yule tajiri: binti yake anaolewa, nikampake hina. Nilikwenda, ningekataaje? Nikaanza kumchora kiganja. Yule binti akanishika kidole, akaninong'oneza, "Bi Zuhura, ua la karafuu usinichore. Baba hajaiona ile kanda. Asije akakujua."

Tangu siku ile sijalichora, na gari likisimama mlangoni bado naficha mikono.

Hapa chini nimekuchorea wewe ua lile. Ukishalitazama, ichome barua.

Bibi yako