Migomba ya Mama

Gitega, Jumapili, 9 Novemba

Bado sijampa dada Espérance jibu. Yeye na mumewe wanatoka Muyinga wiki ijayo kuhamia Zambia, na wameniwekea nafasi kwenye gari.

Leo nilikwenda Makebuko kumuaga Mama, lakini neno lenyewe sikulitamka. Nilimkuta shambani anachimba shimo la mgomba. Tangu turudi kutoka Tanzania hajawahi kupanda mgomba. Kule, kwenye kambi ya wakimbizi, tulikatazwa mazao ya kudumu, na hapa aliendelea na maharage tu, kama mgeni.

"Mama, migomba leo?"

"Nimechoka kukaa kama nitafukuzwa kesho. Shika jembe, we mtu wa mjini."

Nikachimba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, na kila shimo lilinikumbusha lile tulilomlaza Baba kule kambini. Tulimwacha bila mtu wa kumpalilia kaburi. Bado namwota amekaa kando ya barabara, anatazama malori yaliyoturudisha nyumbani yakipita.

"Itazaa mwishoni mwa mwaka kesho," Mama akasema. "Utakuja kunibebea mikungu, au mgongo wa mjini hauwezi?"

Nikamwambia nitakuja. Sasa sijui kama nimemdanganya, au hilo ndilo jibu langu kwa Espérance.