Mlinzi wa Mahali Palipoungua

Alhamisi, jioni

Na sasa wamenifanya mlinzi! Kikundi chetu kilipanda mlimani leo kupanda miche, kumbe miti ya mitarakwa imeshaota yenyewe, midogo kama kidole, kwenye majivu. Afisa wa misitu akasema tusipande kitu, tuzuie ng'ombe tu.

Mama Kendi, mwenyekiti wetu, akanishika bega mbele ya wote. "Baba Mwenda hajakosa hata siku moja tangu msitu uungue. Huyu ndiye atakayelinda hapa."

Wakapiga makofi.

Siendi kwa kupenda miti. Naenda kwa sababu nikikosa wataanza kuulizana. Mke wangu anadhani ni wokovu umeniingia.

Siku ile nilikuwa peke yangu, narina asali. Nyuki wakanivamia, nikautupa mwenge nikakimbia. Nyasi zilikuwa kavu. Sikugeuka hata...

Waya niliotundikia mzinga wangu bado unaning'inia pale juu ya mti, na chini yake ndipo miche ilipoota kwa wingi kuliko kwingine kote. Kesho naanza.

Afisa amenipa namba yake. Nikimwona mtu yeyote na moto, hata awe rafiki yangu, nimpigie papo hapo.

Simu iko hapa mezani.