Pasi ya mkaa na gauni la bi harusi

Shoga, nakuandikia huku nimempakata mwanangu.

Nilitoka kununua uzi, narudi kwenye chumba chetu cha kushonea nakuta fundi mwenzangu kafunga mlango na madirisha. Pasi ya mkaa inawaka mezani, mwanangu kalala chini kwenye mabaki ya vitambaa.

Namwita, kimya. Namwinua, kichwa kinaanguka tu!

Nikamtoa nje mbio. Akatapika, ndipo akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Fundi ananiambia, "Mama, nilifunga ili vumbi lisichafue gauni la bi harusi." Gauni! Shoga, gauni!

Tuko zahanati, sasa anapumua vizuri. Nesi kasema mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu, huioni wala husikii harufu yake.

Na wewe pasi yako iko chumbani anapolala mtoto. Itoe nje kwanza, ndipo unijibu.