Mwanya Ulioniletea Mchumba Unazidi Kupanuka

Shangazi Advera, shikamoo. Naitwa Levina, msusi wa hapa Chemchem, Tabora, nina miaka ishirini na tisa, na naomba uniokoe haraka kwa sababu nina furaha mpaka sipati usingizi na nina hofu mpaka chakula hakipiti, na vyote viwili vimetoka kwenye meno yangu ya mbele.

Shangazi, mimi sikuzaliwa na mwanya, meno yangu yalikuwa yamebanana hata uzi haupiti, ila mwaka juzi fizi zikaanza kutoa damu kila nikipiga mswaki, nikaogopa, nikawa napitisha mswaki juu juu tu kama napaka rangi, na baada ya muda nikaona meno mawili ya juu yameachana, kidogo kidogo, mpaka pakawa na mwanya kabisa, na badala ya kupewa pole nikaanza kusifiwa! Wateja wakasema nimependeza, na Hafsa, rafiki yangu tunayesuka naye, akanishika mabega akaniambia, "Wenzako wanakwenda kuchongesha, wewe umepewa bure halafu unauliza maswali?"

Basi nikaacha kuuliza. Nikaenda kwenye harusi moja Isikizya, mshereheshaji akasema jambo nikacheka, na kijana mmoja akaacha sahani yake ya pilau, akaja mpaka mezani kwetu, akasema, "Dada, samahani, hebu cheka tena." Nikacheka tena, na tangu siku hiyo sijanyamaza, Shangazi, nacheka nikifua, nacheka nikisuka, maana huyo ndiye Raymundi, fundi pikipiki wa Ulyankulu, mpole, mcha Mungu, na kwenye simu yake amenisajili kwa jina la "Mwanya Wangu".

Aliponipeleka kwao, mama yake akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akasema, "Huu ni wa kuzaliwa, mwanangu. Marehemu mama yangu alikuwa nao. Nyumba hii imepata baraka." Nikacheka tu.

Sasa mwanya unaendelea kupanuka, na Jumapili iliyopita mama mkwe kanipa hindi la kuchoma, nikang'ata, jino likacheza kama mlango uliolegea bawaba, nikapiga ukelele, wote wakanigeukia, nikasema, "Tamu hilo!" Akaniongezea la pili.

Matangazo ya ndoa yameanza kusomwa kanisani. Hafsa anasema nikienda kwa daktari wa meno ataniziba mwanya pamoja na nyota yangu. Nisipokwenda naona nitafika madhabahuni kibogoyo. Nikimwambia Raymundi ataona nimemdanganya. Shangazi, nifanye nini na ninampenda hivi?

Levina, Chemchem

SHANGAZI ADVERA ANAJIBU

Marahaba, Levina. Nimecheka barua yako mpaka nikaketi chini, kisha nikasimama kwa hasira. Binti mzima, jino linacheza, unasema "tamu hilo"?

Nisikilize. Kuna watu wanaozaliwa na mwanya, wameurithi kwa mama au bibi, au meno yao ni madogo kuliko taya, au kile kinyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi kimeshuka mpaka katikati ya meno. Hao wana afya zao, wacheke wapendavyo, na asiyeupenda mwanya wake daktari anaweza kuuziba au kuyavuta meno kwa waya. Wako si huo. Mwanya unaokuja ukubwani, ukiandamana na damu na jino linalotikisika, mara nyingi ni ugonjwa wa fizi. Ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, umeganda chini ya ufizi na mfupa unaoshikilia meno unaliwa. Ulichokiita nyota ni meno yanayohama.

Uliona damu ukapunguza mswaki. Ungeona moshi ungemwaga mafuta ya taa?

Hafsa ni rafiki mzuri, ila mwambie abaki kwenye nywele. Na hiyo habari ya kuchongesha asiirudie mbele ya wateja, maana jino likishachongwa halioti tena.

Kuhusu Raymundi: hujamdanganya kwa kuota mwanya, utamdanganya ukiendelea kunyamaza. Mwambie leo, kwa maneno mafupi, kabla ya kumwona mama yake. Kama alipenda nafasi kati ya meno mawili, aoe nafasi hiyo, wewe uendelee na safari yako. Sidhani kama ndivyo alivyo. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wa meno, usafishwe mpaka chini ya fizi, umuulize kama jino linaweza kufungwa lishikwe na wenzake. Piga mswaki asubuhi na usiku, taratibu lakini kila mahali. Na mahindi ya kuchoma, mama, waachie wenye meno.

*Tulimtumia Levina jibu hili mapema, naye ametuandikia tena kabla gazeti halijaenda mitamboni, na ameturuhusu tuchapishe:*

Shangazi, nimemwambia. Nikaanza kulia, naye akauliza, "Sasa linauma?" Nikasema kidogo. Akasema, "Na mimi nilikuwa nakuchekesha makusudi kila siku ili niuone! Mbona hukunizuia?" Akaenda mwenyewe kumweleza mama yake, na mama akanipigia akisema, "Mwanangu, na lile hindi la pili kwa nini ulikula?"

Tumekwenda hospitali pamoja. Daktari amesema nimewahi, meno yote yanaokoleka, mwanya utatulia na baadaye nikitaka utazibwa. Raymundi alisema atanishika mkono mpaka mwisho. Daktari alipochukua kile chuma chenye ncha na kunigusa ufizi, nikasikia kishindo. Mchumba wangu alikuwa chini. Muuguzi aliingia mbio, akanitazama mimi niliyeachama mdomo, akamtazama fundi pikipiki aliyelala sakafuni, akauliza, "Jamani, mgonjwa ni yupi?"