Sababu Niliyoitoa ya Kutohamia Lubunga

Kisangani, Jumamosi jioni

Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika mchana, na sasa imerudi, nyembamba, ya kuudhi. Nuria, binti yangu, anacheza barazani na mtoto wa jirani. Hamisi, bwana wangu, yuko Isangi. Ameitwa kutengeneza mota ya baleinière, boti ndefu ya mizigo, iliyokwama huko. Nimekaa mezani na simu mkononi, na nina aibu. Sijui namna nyingine ya kuanza.

Naandika hapa kwa sababu wengi mnaosoma hamnijui uso. Anayenijua anivumilie.

Mwenye nyumba tunayopanga hapa komini ya Tshopo anaitaka nyumba yake, kwa sababu mwanawe anaoa. Hana ubaya, ametupa muda. Ndiyo maana siku hizi kila Jumapili mimi na Hamisi tumekuwa tukizunguka mji kutafuta pa kuhamia. Tuliona nyumba ya Mangobo, imebanwa kati ya baa na kanisa la maombi, kelele kwa kelele. Tuliona nyingine Kabondo, nzuri sana, mpaka nikazunguka nyuma nikaona korongo limekula nusu ya uwanja na linaendelea kula. Makiso, karibu na farmasi ninapouza dawa, hata kuuliza bei tuliona haya. Hamisi akasema, "Twende Isangi, kule mota haziishi kuharibika." Mimi nikasema Isangi nitauzia nani dawa?

Halafu kulikuwa na Lubunga.

Kwa wasioijua Kisangani: mji wote uko upande wa kuume wa mto, na Lubunga peke yake iko upande wa pili. Kuvuka ni kwa bac, ile feri kubwa, ikiwa nzima, au kwa pirogue, mtumbwi mrefu. Mama yake Hamisi anaishi huko katika parcelle ya marehemu mumewe. Ni kiwanja kipana, kina michikichi, kisima, na mti wa matunda ya safu mbele ya mlango. Mapema mwaka huu alituita akatuonyesha nusu ya kiwanja. "Hapa mujenge. Mimi niko na nafasi, nyinyi hamuna. Sasa kitu gani ingine?" Hamisi alikuwa anatabasamu kama mtoto. Libongo, pale pirogue zinapofungwa, ni karibu kabisa. Alishaona moyoni karakana yake, mota zimepangwa, vijana wanajifunza kazi.

Kila mtu angepata alichotaka. Isipokuwa mimi.

Nitasema ukweli wangu ulivyo mbaya. Mimi nimezaliwa Opala. Nilipokuja mjini kusoma nilikuja juu ya lori, nimekaa kwenye magunia ya muhogo, na lori lilituteremsha Lubunga. Nilikuwa na tope mpaka magotini. Nilivuka mto na nikajiambia sitarudi upande ule tena, ila kwa kupita. Pale farmasi wenzangu wana msemo wao, "watu wa ng'ambo", wakimwona mteja aliyelowa pindo la kikwembe, kitenge chake. Wanacheka. Mimi pia hucheka, tena kwa sauti. Hawajui kwamba mama mkwe wangu ni mtu wa ng'ambo. Sikuwahi kuwaambia.

Lakini huwezi kumwambia bwana wako kwamba hutaki kuishi kwa mama yake kwa sababu ya kicheko cha watu wa farmasi. Nilihitaji sababu nyingine.

Tulipovuka na Nuria kwenda kukitazama kile kiwanja mara ya mwisho, baleinière ilipita karibu ikatuletea mawimbi. Pirogue ikayumba, maji kidogo yakaingia. Nuria akanishika. Kisha akacheka, akataka mawimbi mengine. Hiyo ndiyo iliyotokea, hakuna zaidi.

Siku mbili tatu baadaye nilimwambia Hamisi mtoto halali vizuri. Nikasema anaamka analia, anasema maji yanaingia.

Hamisi aliacha kula. "Donc anaogopa maji? Mbona mimi hakuniambia?"

"Anakuonea haya," nikasema.

Jinsi lilivyotoka kwa urahisi.

Sasa niseme kile ambacho nimekuwa nikikizunguka tangu mwanzo wa ukurasa huu. Hamisi alikuwa na kaka, Saidi. Saidi alizama mtoni akiwa kijana, akivuka kwenda shule. Mpaka leo Lubunga nzima inamwita mama mkwe wangu Mama Saidi, kwa jina la mtoto asiyekuwapo, naye huitika. Tangu msiba ule hajapanda pirogue. Huvuka kwa bac tu, na bac ikiharibika hukaa kwake, hata kukiwa na harusi huku.

Nilijua yote hayo. Nilichagua uongo huo kwa sababu nilijua katika familia hii hakuna mtu atakayebishana nao.

Na hawakubishana. Hamisi alimpigia mama yake mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika. Alimweleza habari za mtoto. Kisha sauti ya mama ikaja, ndogo: "Basi wasikuje. Hapana kumuleta ule mutoto ku maji. Hata siku ya idi, hapana. Nyinyi mutafute fasi huko."

Ikaisha. Hamisi akaanza kuongea habari za Mangobo, akisema kelele tutazizoea. Hakutaja karakana tena. Mimi nililala vizuri usiku ule. Nayo hiyo ni ya kuandika.

Sasa leo.

Nilikuwa nasonga lituma ya mchana, natwanga ndizi, nikasikia moto, pikipiki ya abiria, inasimama nje. Nikatoka na mchi mkononi. Mama Saidi alikuwa anashuka, kikwembe kimelowa mpaka mapajani, mtandio umemshikamana kichwani. Hakuwa amepiga simu.

"Mama! Umefikaje? Si wanasema bac iko panne, imeharibika?"

"Iko panne," alisema. "Nimekuja na pirogue."

Nilimsaidia kuingia. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Nilimpa chai akakishika kikombe kwa mikono miwili. Meno yalikuwa yanagongana, na hakukuwa na baridi ya kiasi hicho. Nilitaka kumbadilisha nguo, akakataa, akasema kwanza mtoto. "Nuria iko wapi? Mwiteni."

Akafungua kitambaa alichokuwa amekikumbatia njia nzima, akatoa chupa ya maji yenye rangi ya manjano. Ilikuwa kombe. Maalimu wa kwao alimwandikia aya kwenye sahani kwa zafarani, akaziosha kwa maji, mtoto anywe aondokewe na hofu. "Maalimu alisema isikae sana," akaniambia. "Nilingoja bac, nilingoja, haitengenezwe. Nikaona mutoto anaendelea kuteseka usiku. Basi nikafunga macho, nikaingia."

Nilikuwa nimesimama pale na mchi.

Nuria akaja mbio, akamrukia. "Koko! Koko!" Ndivyo anavyomwita bibi yake. Mama Saidi alimweka kwenye magoti yake yaliyolowa, akammiminia kombe kwenye kifuniko, akamnywesha kidogo kidogo, midomo yake ikisoma. Mtoto akameza, akakunja uso.

"Koko, hii dawa ya nini?"

"Ya kuondoa woga ya maji, mama yangu."

"Mimi siogope maji," Nuria alisema. "Nilipenda turudi tena ku pirogue. Ni Mama alikatala."

Sikuweza kumtazama yeyote. Nilitazama sakafu, nikaona maji yanayodondoka kutoka kwenye kikwembe chake yameshatengeneza kidimbwi chini ya kiti.

Mama Saidi alifunga chupa pole pole. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Bon. Munaona? Imetumika mbio mbio, woga imeisha." Akacheka kidogo.

Na mimi nikacheka naye. Ee, nilicheka. Alinifungulia mlango wa kutokea, nikautumia.

Tukala. Alisifu lituma yangu, akala kidogo sana. Mvua ilipokatika akasema anarudi, ana kuku wake, tena hataki giza limkute majini. Nikamwomba alale. Akakataa. Nikampigia mtu wa moto, na nilipomwona anapanda nyuma, anashika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili, nikashindwa. Nikamwacha Nuria kwa jirani, nikachukua moto nyingine, nikamfuata mpaka libongo.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Nakusindikiza, Mama."

"Mpaka ngambo?"

"Mpaka nyumbani."

Ndani ya pirogue alikaa chini kabisa, kwenye mbao za katikati, akanishika kifundo cha mkono. Mara tu tulipoachana na ukingo alifunga macho. Wanawake wenye vikapu vya samaki walikuwa wanapiga soga, mwenye mota anaimba, na yeye yuko katikati yao amefunga macho, anasoma dua. Kila pirogue ilipoinuka kucha zake ziliingia kwenye ngozi yangu. Alama bado zipo ninapoandika.

Nilikuwa namtazama uso kutoka karibu, na nikawaza kwamba asubuhi alipita hapa bila mtu wa kumshika. Alipita kwa ajili ya hofu ambayo niliitunga mimi, kwenye meza ya chakula, kati ya tonge na tonge.

Tulipofika Lubunga nilimshika kiuno nikamteremsha. Watu walikuwa wanamsalimu, "Mama Saidi, leo ku pirogue?" wakishangaa. Tulipopanda ule mteremko na watu wakapungua, nilisema. Sikupanga maneno.

"Mama, mutoto haogope maji. Hajawahi kuogopa. Ni mimi nilidanganya. Sikutaka kuhamia huku."

Aliendelea kutembea. Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia.

"Nimesikia," alisema. "Nilijua tangu pale mutoto aliongea. Uso yako ilisema yote."

"Nisamehe."

Akasimama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa amechoka tu, mwanamke mzee aliyevuka mto mara mbili kwa siku moja.

"Mama Nuria, sikiliza. Ungeniambia, 'Mama, Lubunga siipende.' Ningekasirika. Ningemwambia kila mutu katika avenue yangu ule muke wa mwanangu anajiona. Kisha ingeisha. Batu wengi hawapende huku, hata mimi kuko siku siipende." Akavuta pumzi. "Lakini Saidi ni mutoto wangu. Haiko kitu ya kutumia."

Akaanza tena kutembea, nami nikamfuata.

Tukafika kwake. Kuku walikuwa wamekusanyika mlangoni. Aliwatupia mahindi kwanza, kisha akanigeukia mimi niliyebaki nimesimama kama mgeni. "Hamisi anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia wewe. Mimi sitamwambia, na sitakusaidia."

"Ndiyo, Mama."

"Na parcelle..." Alitazama ile nusu aliyotupa, majani yameanza kuota pale Hamisi alipokuwa amepima kwa kamba. "Parcelle iko. Lakini mimi niliita mara ya kwanza. Sitaita tena. Siku mutaitaka, wewe ndiye utakuja kuomba. Si Hamisi. Wewe."

Akaingia ndani kubadilisha nguo. Nilingoja kidogo, nikaelewa kwamba hatatoka kuniaga.

Nilivuka peke yangu. Kwenye pirogue mama mmoja aliniuliza kama mimi ni mtu wa Lubunga. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Si kweli, na leo ningetakiwa kuwa makini na mambo yasiyo kweli. Lakini lilitoka, na halikuniuma kama nilivyodhani litaniuma.

Nilipofika nyumbani nilitaka kungoja Hamisi arudi, nimwambie uso kwa uso. Nikajijua. Nikingoja nitapata sababu nyingine, mimi sikosi sababu. Nikampigia. Alikuwa kando ya mto, mota inanguruma, anapiga kelele, "Imewaka! Sikia, imewaka!" Sauti yake ilikuwa na furaha. Nikamwambia asogee mbali na mota.

Nikamweleza yote, ya mtoto, ya mama yake na pirogue, ya kombe. Sikutaja watu wa farmasi mwanzoni, kisha nikawataja nao.

Nilikuwa nasikia watu nyuma yake, na maji.

"Mama alivuka na pirogue?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Peke yake?"

"Asubuhi, ndiyo. Peke yake."

Akakata simu.

Sijampigia tena, naye hajapiga. Kelele za Nuria huko nje zimepungua, nadhani wamechoka. Nyumba ya Mangobo wanangoja jibu letu, na sijui tena kama nina haki ya kujibu neno lolote kuhusu mahali familia hii itakapoishi. Najua kwamba Jumatatu nitaingia farmasi, na wakimcheka mtu aliyelowa pindo, nitasema mama mkwe wangu anatoka kule. Ni kitu kidogo. Hakirudishi chochote.

Kwenda kuomba, hilo ndilo linalonitisha. Nitavuka, nitapanda ule mteremko, nitasimama uwanjani kwake, nitafungua mdomo. Na je, nitakuwa naitaka Lubunga kweli siku hiyo, au nitakuwa nataka tu anisamehe?

Hamisi anarudi kesho na boti ya mchana. Nitakuwa libongo kabla haijafunga kamba.